Sura ya Tisa: Jozi ya Kumi Iliyotupwa

"Huu ukurasa wa pili nani kauandika?" Mwalimu aliuliza.

"Mimi," Sajini alijibu.

"Poka umejifunzia wapi?"

"Kantini ya kituo."

"Ile ya kumwaga chipu zako zote mezani kwa mkupuo mmoja?"

"Kuna nyingine?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, taratibu, ili apate muda wa kumeza neno alilotaka kusema. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na miwili kabla ya kustaafu na kuwa msimamizi wa mashindano ya poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, na hadi leo alimtazama kila mtu mzima kama mwanafunzi aliyekosea kujumlisha.

Sajini hakuja kufundishwa. Alikuja kuchukua sahihi ya Mwalimu ya kuthibitisha ukurasa huo. Ofisi ya ukumbi wa mashindano ilikuwa chumba chembamba chenye kabati la chuma, meza moja na feni iliyokuwa ikikwaruza, na alidhani hatakaa humo zaidi ya dakika kumi. Jalada lilikuwa tayari. Saa nane mchana Mkuu wa kituo cha polisi angelipeleka kwa mwendesha mashtaka, na dereva wa lori aliyekuwa mahabusu kwa siku ya sita sasa angesomewa shtaka la kuua.

Mambo yalikuwa hivi. Jumamosi alasiri, Dereva alipoibuka mshindi wa mashindano, kulikuwa na mapumziko ya nusu saa kabla ya kutolewa zawadi. Katika nusu saa hiyo mgawa karata wa meza ya mwisho alikutwa chini ya ngazi za nyuma, kichwa kimepasuka. Alikufa kesho yake bila kufumbua mdomo. Dereva alikuwa ameshuka kwa ngazi hizo hizo, akamkanyaga mkono, akaenda zake hadi bombani. Damu ilikuwa kwenye kiatu chake na kwenye pindo la suruali. Alipohojiwa alikuwa na neno moja tu, asubuhi na jioni: "Sikumwona." Kituo kizima kilicheka. Mtu amelala kwenye ngazi ya mwisho, mchana kweupe, unampita juu yake halafu hukumwona?

Kilichokosekana ni sababu, na Sajini ndiye aliyeipata. Aliagiza kutoka ukumbini bahasha yenye kumbukumbu za karata za Dereva, akakuta kwamba bwana huyo alifuata dau, yaani alilipa ili abaki mchezoni, mara tisa akiwa na karata za ovyo: saba na nne, tisa na tano, nane na sita. Mwenye akili timamu hafanyi hivyo, Sajini aliandika, ila kama anajua karata zinazokuja, na anayezijua ni mgawaji. Basi walikula njama, wakakosana, mmoja akamsukuma mwenzake. Mkuu aliusoma ukurasa huo akapiga meza kwa furaha.

"Kaa," Mwalimu alisema.

Alitoa chipu kwenye droo, zile za plastiki zinazowekwa dau badala ya pesa, akazipanga mezani.

"Meza yetu ni ya dau la kipimo. Hakuna kumwaga. Unapandisha kwa kiasi kilichowekwa, basi, hata ukiwa na hasira za kuzimu. Sasa, wawili wanalazimika kuweka kabla hawajaona karata. Huyu dau dogo, chipu moja. Huyu dau kubwa, chipu mbili. Tuseme wewe ndiye wa dau kubwa. Mtu wa mwisho kusema kabla yenu wawili anapandisha, anaweka nne. Wa dau dogo anatupa karata zake, anaondoka. Mezani kuna ngapi?"

"Nne, na mbili zangu, na moja ya huyo. Saba."

"Na wewe unatakiwa uongeze ngapi?"

"Mbili."

"Unalipa mbili kugombea saba. Ushinde mara ngapi ndiyo usipoteze?"

Sajini alianza kuhesabu kwa vidole. Mwalimu alimwacha ahangaike kidogo, maana ualimu hauishi mwilini.

"Mara mbili kati ya tisa," Mwalimu alimsaidia. "Saba na nne ikikutana na mfalme na tisa, inashinda kama mara tatu kati ya tisa. Karata dhaifu, ndiyo. Lakini bei ni ndogo na nusu umeshailipa. Hapo mjinga ni anayetupa. Aliyepandisha angekuwa wa kwanza kusema, pale ningekuwa mwangalifu, kwa sababu wa kwanza huwa na karata nzito. Hebu niambie, Dereva alipofuata hizo mara tisa, aliyepandisha alikuwa nani?"

Sajini alifungua karatasi. Alipitisha kidole mstari kwa mstari.

"Wa mwisho kusema. Zote."

"Na alishinda ngapi kati ya hizo tisa?"

"Mashahidi walisema alishinda kwa saba na nne, watu wakasimama..."

"Sikukuuliza mashahidi."

Sajini alihesabu, akarudia. Hakuwa amezihesabu kabla. Aliandika mara alizofuata, akaandika zile walizosimulia watu, akasahau kwamba kuna kushindwa.

"Mbili," alisema.

"Na saba zilizobaki?"

"Katika sita alitupa mara tu karata tatu za kwanza zilipofunuliwa mezani. Moja alifika mwisho, akashindwa."

"Mlaghai gani huyo, mwanangu, anayejua karata zinazokuja halafu anashindwa mara saba?"

Sajini aliinamia karatasi. Aliona aibu, tena aibu ya kumchoma masikioni. Kwa siku sita mtu alikuwa amelala sakafuni kwa sababu yeye alizoea mchezo wa kantini.

"Sisaini," Mwalimu alisema, akamrudishia ukurasa.

"Usisaini." Sajini aliukunja ukurasa mara mbili. "Mwalimu, kama kufuata si kosa, kosa linaonekanaje?"

"Nimeshakwambia. Kutupa."

Ndipo Sajini alipoelezwa sheria ya ukumbi ule, sheria iliyofanya mashindano yao yachukue siku nzima na kuwachosha watu hadi kupiga miayo. Mwenye dau kubwa akipandishiwa mara moja tu, awe ametupa au amefuata, mwisho wa mzunguko humpa mgawaji karata zake. Mgawaji huziangalia peke yake, huziandika kwenye karatasi ya mchezaji huyo pamoja na aliyepandisha na matokeo, huendelea. Mwisho wa siku kila karatasi huingia kwenye bahasha yake na kufungwa kwa gundi. Hazifunguliwi ila kuwe na lalamiko. Sheria iliwekwa ili watu wasiachiane ushindi kwa makusudi.

"Zimewahi kufunguliwa?"

"Miaka mitano, hata moja. Ya Dereva mmeifungua nyinyi kwa amri."

"Naomba na hizo nyingine."

"Hakuna aliyelalamika."

"Mtu amekufa, Mwalimu. Hilo si lalamiko?"

Mwalimu aliinuka. Kisha alitoa ufunguo shingoni, akafungua kabati.

Bahasha ya kwanza iliyowashtua ilikuwa ya mchuuzi wa mitumba aliyekaa kushoto kwa Dereva. Alitupa mara saba mfululizo, na Sajini akaanza kuandika jina la mtaa wake ili atume gari. Mwalimu alimzuia mkono.

"Pole pole. Tazama alibaki na chipu ngapi. Tano. Haya ni mashindano, ukiishiwa umetoka, na wawili wengine walikuwa na chache kuliko yeye. Alikuwa anawasubiri watangulie kutoka. Hata mimi ningetupa. Huyo ni mwoga mwenye akili, mwache auze mitumba yake."

Bahasha ya nne ilikuwa ya kinyozi aliyekaa wa pili kushoto kwa Dereva. Kinyozi ni kaka wa mke wa Dereva, jambo ambalo kituoni hakuna aliyeliona kuwa la maana, kwa kuwa mji wenyewe mdogo na kila mtu ni shemeji wa mtu. Sajini aliisoma karatasi, akaisukuma kwa Mwalimu.

Walipopandisha wengine, Kinyozi alifuata kwa chochote: tisa na mbili, sita na tano. Alipopandisha Dereva, alitupa. Mara kumi na moja, na hakufuata hata mara moja. Mfalme na malkia, akatupa. Malkia na kumi, zote za kopa, akatupa. Mwisho kabisa, kwa mwandiko mdogo wa mgawaji: jozi ya kumi, ametupa.

"Jozi ya kumi," Mwalimu alinong'ona. "Kumi mbili mkononi, akiwa na chipu za kutosha. Ee Mungu wangu."

Chini ya mstari huo mgawaji alikuwa ameandika maneno mengine matatu, ambayo hayahusiani na karata: "Nitamuuliza mwenyewe kwanza."

Saa tano kasoro robo Sajini alisimama mlangoni kwa Kinyozi. Duka lilikuwa na viti viwili na kioo kirefu chenye ufa, na mteja mmoja aliyenyolewa upande mmoja wa kichwa.

"Afande, karibu. Leo tunapunguza au tunaacha?" Kinyozi alisema akimtazama kwenye kioo, bila kugeuka.

"Mmalize huyo kwanza."

"Atachukua muda."

"Ninao mpaka saa nane."

Mashine ilinguruma, ikazima, ikanguruma tena. Mteja alilalamika kwamba anakatwa. Sajini alichukua kiti cha pili, akaitandaza karatasi juu ya magazeti ya zamani, akaielekeza upande wa kioo.

"Nieleze jambo moja tu, mimi mcheza kantini. Mtu anatupaje jozi ya kumi?"

Mashine ilizima. Safari hii haikuwaka tena.

"Nenda, ndugu yangu," Kinyozi alimwambia mteja. "Rudi kesho. Hulipi."

"Na kichwa hiki?"

"Vaa kofia."

Mteja alitoka akitukana chini kwa chini. Kinyozi alianza kufagia nywele, akazifagia pahali pamoja mara nyingi.

"Zile bahasha hazifunguliwi," alisema.

"Nimeifungua."

"Kumwachia shemeji yangu karata si kuua."

"Si kuua. Mgawaji alikuuliza nini?"

"Hakuniuliza kitu."

"Ameandika hapa kwamba atakuuliza. Mlikutana wapi? Ukumbini mlikuwa na watu mia, hakuna aliyewaona. Chooni kulikuwa na foleni. Zinabaki ngazi za nyuma."

Kinyozi aliweka ufagio. Alikuwa mtu mnene mwenye mikono midogo, na mikono hiyo sasa haikujua iende wapi.

"Unajua hakutaka chochote?" alisema. "Hata kunishtaki hakutaka. Aliniambia, 'Mweleze shemeji yako kabla hajapokea zawadi, la sivyo nitamweleza mimi. Mtu hawezi kushangilia kitu ambacho si chake.' Nikamwambia niachie. Akasema hapana. Akageuka ateremke, nikamshika shati. Nilimshika tu, afande, nimrudishe tuzungumze. Alijivuta, shati likaniponyoka."

"Halafu?"

"Nikasimama pale juu. Nikasikia mlango. Dereva akaja, akanipita bila kuniona, akashuka anaimba. Anaimba, afande! Akamkanyaga. Akasema 'samahani, nani kaacha mzigo hapa,' akaenda zake."

Sajini aliacha kuandika. "Mzigo?"

"Haoni. Anaona mbele kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Pembeni na miguuni, giza. Presha ya macho. Daktari alimwambia aache kuendesha tangu mwaka jana, akakataa. Ataacha ale nini? Zawadi ya kwanza ilikuwa duka, kibanda kizima na jokofu lake, bidhaa zimejaa. Dada alikuja hapa, akakaa kwenye hicho kiti ulichokalia, akalia. Akasema kaka, mwachie ashinde, kabla hajaua mtoto wa mtu barabarani. Na Dereva asijue, maana akijua hatalipokea."

"Siku sita umemwacha alale ndani."

"Kila siku nilisema kesho nitakuja." Kinyozi alifunika uso kwa taulo la wateja, akalia ndani yake.

Sajini alimsubiri. Alimwacha afunge duka mwenyewe, kisha akamfunga pingu nje, upande usio na watu.

Kwenye benchi la kituo mke wa Dereva alikuwa amekaa na kikapu cha chakula, kama siku zote sita. Aliwaona wakiingia. Alizitazama pingu, akamtazama kaka yake. Kinyozi alipitishwa ndani.

Sajini aliketi kando yake.

"Dada, nahitaji cheti cha daktari wa macho."

Mwanamke alifungua pochi. Kilikuwa humo humo, kimekunjwa mara nne, kimechakaa kwenye mikunjo. Alikuwa akija nacho kila siku, na kila siku akirudi nacho.

"Ningekitoa, mngeuliza nani mwingine alikuwa kwenye ngazi," alisema. "Nimekaa hapa nachagua, afande. Mume au kaka. Siku sita, na sikuweza kuchagua. Wewe umenichagulia."

"Pole, dada."

"Usinipe pole. Andika."

Saa saba na robo Dereva alitolewa mahabusu. Alikuwa mrefu, amekonda, na aliingia chumba cha mahojiano akipapasa fremu ya mlango kwa kiganja. Sajini alikuwa ameliona hilo mara nyingi akadhani ni kiburi.

Alimsomea maelezo yote bila kupunguza. Dereva alisikiliza hadi mwisho.

"Mara ngapi alitupa?"

"Kumi na moja."

"Zote nilizopandisha mimi?"

"Zote ulizopandisha akiwa na dau kubwa."

Dereva aliinamisha kichwa. Alikuwa mchezaji, na mchezaji huzikumbuka. Midomo yake ilicheza kidogo, akizirudia moja moja.

"Toa hizo," alisema, "nisingefika hata sita bora."

"Mwalimu anasema zile tisa ulizofuata mwenyewe ulicheza sawasawa. Anasema wanafunzi wake wachache wangeziweza."

"Nilizoshinda ni mbili."

"Ndiyo."

"Basi hizo ndizo zangu." Aliinua kichwa. "Duka je?"

"Ushindi umefutwa. Watalitoa kwa aliyefuata."

Sajini alimsogezea karatasi. Ilikuwa na mistari minne, na mmoja ulisema kwamba hakumwona marehemu kwa sababu haoni pembeni wala chini, na kwamba amekuwa hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja.

"Nikisaini hii, leseni inaondoka," Dereva alisema.

"Inaondoka leo."

"Nisiposaini?"

"Mkuu anataka mtu wa kushtaki saa nane. Maelezo ya Kinyozi yapo, lakini bila haya atasema mlikuwa wawili. Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Nilidhani mtagundua wenyewe. Nyinyi si wapelelezi?"

Hakusema kwa dhihaka. Sajini angependa iwe dhihaka.

Dereva alisaini. Alirudishiwa mkanda, saa na kofia. Leseni Sajini aliitia kwenye bahasha mbele ya macho yake, akaandika tarehe. Alikuwa ameendesha miaka kumi na tisa bila kugonga hata kuku, Dereva alisema, na Sajini akamjibu kwamba anajua, imeandikwa kwenye rekodi.

Mkuu alilipokea jalada jipya saa nane kasoro dakika tano. Aliangalia jina juu, akaona limebadilika.

"Kinyozi?"

"Ndiyo, mkuu."

"Huyu atashikilia maneno yake? Hatatugeuka mahakamani?"

"Hatageuka."

"Sawa," Mkuu alisema, akalitia kwapani, akatoka kuelekea kwenye gari.

Sajini alirudi ukumbi wa mbele wa kituo. Dereva alikuwa amefika kwenye benchi. Mkewe alisimama, akanyoosha mkono amshike kiwiko, akausimamisha hewani. Nyuma ya ukuta Kinyozi alisikika akikohoa, na wote wawili waliigeukia sauti hiyo.

"Ungeniacha nishindwe," Dereva alisema.

"Ungeendelea kuendesha. Niliogopa."

"Ningeshindwa tu, mama watoto. Yule mgawaji angeenda kwake, kaka yako angeenda kwake, na sisi tungerudi nyumbani."

Mwanamke aliketi tena kwenye benchi. Alisema hawezi kuondoka, chakula kile sasa ni cha kaka yake, na ni lazima asubiri mpaka waruhusu kukipeleka. Dereva hakujua aende peke yake au asubiri. Mwishowe aliketi, si karibu naye wala si mbali, na Sajini akaingia ndani kuanza kumwandikisha mahabusu mpya.